SOMO LA UFUNDI WA MAGARI: Mafuta ya gia otomatiki katika gari lililotembea sana yabadilishwe lini?



Katika somo lililopita tulizungumza juu ya breki. Somo la leo limeandikwa kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi katika vyuo na gereji za hapa Kakuma, na pia kwa wenye magari, hasa vile vikundi ambavyo wanachama wake wamechanga fedha na kununua gari la kubeba abiria. Mengi ya magari hayo ni ya otomatiki. Yametoka Japani yakiwa yametumika, na yamekwisha kutembea kilomita nyingi kabla ya kufika huku. Swali moja huulizwa kila mara: je, mafuta ya gia yabadilishwe, au yaachwe kama yalivyo?

Gerejini husikika majibu mawili. La kwanza husema kwamba mafuta ya gia otomatiki hayabadilishwi maisha yote ya gari. La pili husema kwamba ukiyabadilisha katika gari lililochakaa, giaboksi itakufa. Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, na kila moja limewatia watu hasara. Sisi tunashauri hivi: usiamue kwa kuangalia kilomita peke yake. Yaangalie mafuta, liendeshe gari, ndipo uamue. Na kabla ya kufungua nati yoyote, mwenye gari aelezwe kinachoweza kutokea.

KAZI YA MAFUTA HAYA

Katika gari la gia za mkono, mafuta ya gia yana kazi ya kulainisha meno yasisagane. Katika gari la otomatiki yana kazi nne kwa pamoja, na ndiyo maana hayafanani na mafuta mengine yoyote.

Kwanza, yanasafirisha nguvu. Kati ya injini na gia hakuna klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Kuna chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake mna mapanga yanayozungushwa na injini, mapanga hayo yanayasukuma mafuta, na mafuta yanayasukuma mapanga ya upande wa pili. Maana yake ni kwamba nguvu yote ya injini, gari linapoondoka, inapita ndani ya mafuta. Pili, mafuta yakisukumwa na pampu yanazibana klachi ndogondogo zilizomo ndani ya giaboksi, na hivyo ndivyo gia zinavyobadilika zenyewe. Tatu, yanalainisha. Nne, yanabeba joto na kulipeleka kwenye radieta lipoe.

Klachi hizo ndogo ni sahani za chuma zilizobandikwa utando unaofanana na karatasi ngumu. Zinafanya kazi zikiwa zimelowa mafuta. Mafuta yakiwa mazuri, zinashikana bila kuteleza na bila kushtuka. Mafuta yakichoka, zinaanza kuteleza kidogo kila gia inapobadilika. Kuteleza kunaleta joto, joto linachosha mafuta zaidi, na mafuta yaliyochoka yanaleta kuteleza zaidi. Huo ni mduara mbaya, nao huanza taratibu sana, dereva asiuone kwa miezi mingi.

Joto ndilo adui mkubwa. Mafuta ya gia yanayofanya kazi katika nyuzijoto sentigredi 80 hivi hudumu muda mrefu. Yakipita 120 huanza kuharibika upesi, na mipira inayozuia uvujaji huanza kukakamaa. Sasa tazama mazingira yetu ya hapa Turkana. Mara nyingi joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini. Gari linabeba watu na mizigo kupita kiasi kilichoandikwa. Linavuka laga zenye mchanga. Gari likizama mchangani, magurudumu hayaendi mbele lakini dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu. Nguvu yote hiyo inageuka kuwa joto ndani ya konveta. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuyachosha mafuta kuliko safari nyingi za barabara ya lami. Ukizama, acha kukanyaga, shusha abiria, chimba mchanga, weka matawi chini ya magurudumu, kisha toka polepole kwa gia ya L. Usirushe gia kutoka D kwenda R na kurudi D wakati magurudumu bado yanazunguka.

KILOMITA: ZIAMINI KWA KIASI

Watengenezaji wengi wa magari wanaotaja kipimo hushauri mafuta ya gia otomatiki yabadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Kwa kazi ngumu, yaani vumbi, joto, milima na mizigo, hesabu hiyo hupunguzwa hata kwa nusu. Kwa hiyo gari la abiria la huku lipewe kilomita 40,000 au 50,000 tu.

Wapo watengenezaji walioandika kwamba mafuta ya gia ni ya maisha. Hapa yafaa tuulize: maisha ya nani? Mtu anayenunua gari jipya Japani au Ulaya huliuza baada ya miaka michache. Kwake yeye mafuta hayo kweli yalidumu maisha yote aliyokuwa na gari. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo hutengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, yenyewe hushauri mafuta yabadilishwe baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000, au baada ya miaka 8, hata pale ambapo mwenye kuunda gari hakuandika hivyo. Mtengenezaji wa giaboksi anaijua giaboksi yake.

Shida yetu ni kwamba mara nyingi hatujui gari limetembea kiasi gani. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma na mfanyabiashara asiye mwaminifu. Kama gari lina hati ya Japani ya kulitoa nchini, iangalie. Mara nyingi kilomita za gari zimeandikwa humo, nawe unaweza kuzilinganisha na mita. Tazama pia ukingo wa mlango na chini ya boneti, kwani gereji za Japani hubandika vibandiko vidogo vinavyoonyesha mafuta yalibadilishwa lini. Hakuna hati wala kibandiko? Angalia mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Mita ikisema kilomita 70,000 na mpira wa pedali umelika hadi chuma kinaonekana, amini pedali.

KUYAANGALIA MAFUTA

Kazi hii haihitaji fedha, na kila dereva anaweza kuifanya mwenyewe. Inataka kitambaa safi, karatasi nyeupe na uvumilivu.

Kwanza liendeshe gari kwa dakika 15 au 20 ili mafuta yapate moto. Lisimamishe mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, usizime injini. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu katika kila nafasi, kutoka P hadi L, kisha urudi P. Toa kijiti cha kupimia cha giaboksi (si kile cha injini, usichanganye), kifute, kirudishe hadi mwisho, kitoe tena. Kijiti kina alama mbili: COLD kwa mafuta ya baridi na HOT kwa mafuta ya moto. Usome ile ya HOT. Hivyo ndivyo ilivyo kwa magari ya Toyota. Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja hivi baada ya kuizima. Ukipima Honda kama Toyota, utasoma vibaya na utaongeza mafuta yasiyohitajika.

Kitambaa kisiwe cha kutoa nyuzi. Ndani ya giaboksi kuna njia nyembamba sana za mafuta; uzi mmoja unatosha kuziba njia na kufanya gia ikwame.

Sasa dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, uyaache yatambae, uyanuse.

Mafuta mekundu au ya rangi ya waridi iliyofifia, yanayotambaa mbali na kuacha duara safi, ni mazima. Mafuta ya rangi ya chai kavu, ambayo bado yanapitisha mwanga na hayana harufu kali, yamezeeka lakini hayajaungua. Mafuta meusi yasiyotambaa, yenye harufu kama ya maharage yaliyoungua sufuriani, yameungua, na ndani ya giaboksi kuna kitu kilichoungua pamoja nayo. Mafuta yanayofanana na maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu yameingiliwa na maji, mara nyingi kwa sababu radieta imetoboka kwa ndani. Gari la namna hii lisiendeshwe tena hata kilomita moja hadi radieta itengenezwe, maana maji yanaubandua ule utando wa klachi.

Kama mafuta yamepungua, tafuta yanakovuja. Mafuta ya gia otomatiki hayaliwi kidogo kidogo kama mafuta ya injini. Yakipungua, yamevuja. Angalia gaskiti ya bakuli la chini, mabomba yaendayo kwenye radieta, na mipira ya mihimili inayozungusha magurudumu. Jambo hili linafaa kujulikana kwa sababu lingine pia: gari linaloteleza huenda lina upungufu wa mafuta tu. Fundi wa haraka humwambia mwenye gari kwamba giaboksi imekufa, kumbe lita moja ilikuwa imevuja njiani.

KULIENDESHA GARI

Baada ya mafuta, sikiliza gari lenyewe. Ukitoka P kwenda D injini ikiwa ya moto, gari linapaswa kushika baada ya sekunde moja hivi. Likichelewa sana, au likishtuka kama limegongwa, andika. Likiwa barabarani, je, injini inanguruma bila gari kuongeza mwendo wakati gia inapobadilika? Huko ndiko kuteleza. Je, linateleza likiwa baridi tu, au hata likiwa moto? Je, kuna gia isiyoingia kabisa? Andika yote, pamoja na tarehe na kilomita. Daftari la fundi ni mlinzi wake.

UAMUZI

Sasa unayo mambo mawili: hali ya mafuta na mwenendo wa gari. Yaweke pamoja.

Gari linabadilisha gia vizuri na mafuta yamekuwa ya rangi ya chai. Hili ndilo gari la kubadilishiwa mafuta, hata kama mita inasoma kilomita 200,000 au 300,000, na hata kama hayajapata kubadilishwa. Usiogope idadi ya kilomita. Giaboksi hiyo bado ni nzima, na mafuta mapya yataiongezea umri.

Gari linabadilisha gia vizuri lakini mafuta yameanza kuwa meusi. Hili nalo libadilishiwe, ila kwa awamu, kama tutakavyoeleza, na mwenye gari aelezwe kwamba hatari ipo.

Gari linateleza na mafuta yameungua. Hapa mafuta mapya si dawa. Utando wa klachi umekwisha, na hakuna mafuta yanayoweza kuurudisha. Huku ndiko ilikotoka ile imani kwamba kubadilisha mafuta huua giaboksi. Mara nyingi mwenye gari hukaa miaka bila kuangalia mafuta. Siku gari linapoanza kuteleza anakimbia kwa fundi. Fundi anabadilisha mafuta. Baada ya wiki moja giaboksi inakufa, na fundi analaumiwa. Giaboksi ilikuwa inakufa tayari. Ni kweli pia kwamba vumbi la klachi lililoelea ndani ya mafuta ya zamani huweza kuzisaidia klachi zilizochakaa kushikana kidogo, na kwamba mafuta mapya, kwa kuwa yanasafisha, huweza kuzing'oa taka zilizotulia pembeni na kuzipeleka kwenye njia nyembamba. Lakini hayo huidhuru giaboksi iliyokwisha choka. Nzima haidhuriki.

Kwa gari la namna hii fundi aseme wazi, na aseme mapema. Mathalani: "Mzee, mafuta yako yameungua na gari linateleza. Nikibadilisha mafuta, huenda likatembea, huenda likasimama kabisa. Fedha ya mafuta unaweza kuiweka akiba ya giaboksi nyingine. Uamuzi ni wako, lakini nataka tuuandike." Kijana anayeanza kazi huona haya kumwambia mtu mzima maneno kama hayo, hasa akiwa mkimbizi na mteja ni mtu wa mji. Asione haya. Kunyamaza kunaweza kumletea kesi ya giaboksi asiyoweza kuilipa kwa kazi ya mwaka mzima. Maelezo hayo yaandikwe katika karatasi mbili, kila mmoja atie sahihi au dole gumba, na shahidi awepo.

KUBADILISHA KWA AWAMU

Ukifungua nati ya chini ya giaboksi, mafuta hayatoki yote. Mengi hubaki ndani ya konveta na mabomba. Tuchukue giaboksi ya gari dogo inayobeba lita 7, ambayo hutoa lita 3 ukifungua nati. Ukirudisha lita 3 mpya, sehemu iliyo mpya ni asilimia 43 tu. Ukirudia mara ya pili, mpya hufika asilimia 67. Mara ya tatu, asilimia 81. Kwa lita 9 umefanya kazi ya kutosha, na giaboksi haikushtushwa. Kati ya awamu moja na nyingine liache gari litembee kilomita 500 hadi 1,000, ukiyaangalia mafuta na kuliendesha kama tulivyoeleza. Likianza kuteleza baada ya awamu ya kwanza, simama hapo, zungumza na mwenye gari.

Kuna mashine za kusukuma mafuta yote yatoke mara moja kwa nguvu. Kwa gari lililotembea sana na lisilojulikana historia yake, hatuzishauri. Aidha, usitie mafuta ya taa wala petroli ndani ya giaboksi kwa kisingizio cha kuisafisha. Yanaharibu mipira na kuziacha klachi bila ulinzi.

Kabla ya kufungua, hakikisha ni nati yenyewe. Katika Subaru, mafundi wengi wamefungua nati ya giaboksi wakidhani ni ya injini. Mafuta ya gia yanamwagika, kisha lita 4 mpya zinatiwa kwenye injini ambayo tayari ilikuwa imejaa. Gari linaondoka gerejini likiwa na mafuta maradufu kwenye injini na karibu halina kitu kwenye gia. Rangi ya kinachotoka itakuambia: kikiwa chekundu au cha rangi ya chai nyepesi, funga upesi.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, au tumia shimo la gereji. Mafuta yakiwa moto sana huchoma. Acha yapoe kidogo, yawe ya vuguvugu ili yatoke vizuri. Yakinge katika chombo na uyapime. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha, kisha upime kwa kijiti. Yakizidi kipimo ni vibaya kama yakipungua, kwa kuwa gia zinazozunguka huyapiga yakatoa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi.

Ukishusha bakuli, tazama sumaku zilizomo. Unga laini wa kijivu kama majivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyometameta au magamba meusi si vya kawaida. Mwite mwenye gari avione kwa macho yake kabla hujafunga. Kichujio kioshwe au kibadilishwe kulingana na aina yake, gaskiti iwe mpya, na boliti za bakuli zikazwe kwa nguvu ndogo tu, kwa zamu, kutoka kati kwenda pembeni. Boliti hizo ni ndogo. Anayezikaza kama za gurudumu huzikata au huharibu nyuzi zake.

Magari mengi ya karibuni hayana kijiti cha kupimia. Hayo hupimwa kwa nati ya pembeni au ya chini, mafuta yakiwa katika joto maalumu, mara nyingi karibu na nyuzi 40, na injini ikinguruma. Kama huna kifaa cha kusoma joto hilo, usiifungue. Mpeleke mwenye gari kwa mtu aliye nacho.

MAFUTA GANI?

Hapa ndipo penye hasara kubwa, nasi tunaomba usome polepole.

Mafuta ya gia otomatiki si ya aina moja. Toyota za zamani hutumia Dexron, zilizofuata hutumia T-IV, na za baadaye hutumia WS. Aina hizi zina uzito na tabia tofauti. Katika Toyota nyingi jina la mafuta limechongwa juu ya kijiti chenyewe; lisome kabla ya kwenda dukani. Usitie mafuta ya injini, na usitie mafuta ya breki hata tone. Ya breki huivimbisha mipira ya giaboksi na kuiharibu.

Kubwa kuliko yote, kuna giaboksi zisizo na gia za kawaida. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, nazo huitwa CVT. Mafuta yake ni tofauti kabisa, na mkebe wake umeandikwa CVT. Ukitia mafuta ya kawaida, mkanda unateleza juu ya puli, unazikwaruza, na giaboksi imekwisha.

Chukua Probox, gari linalojulikana kila njia ya Kenya. Probox zilizotengenezwa kuanzia 2002 zilikuwa na otomatiki ya kawaida ya gia nne. Toyota ilipoibadilisha Probox mwaka 2014, za otomatiki ziliwekewa CVT. Kwa nje mtu anaweza kuona ni gari lile lile. Na kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, Probox za otomatiki zinazoingia sasa kutoka Japani ni za CVT. Fundi aliyezoea zile za zamani akinunua mafuta kwa mazoea ataiua giaboksi kwa mkono wake. Noah nazo zimo katika hali hii, kwani kuna za otomatiki ya kawaida na kuna za CVT. Usiulize jina la gari. Soma kijiti, soma kitabu, au soma kibati kilicho ndani ya mlango au chini ya boneti, kisha muulize mwenye duka kwa namba hiyo.

Usinunue mafuta ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililofunguliwa. Huwezi kujua yaliyomo. Nunua mkebe uliofungwa, kagua lakiri yake, na umtunzie mwenye gari mkebe mtupu na risiti. Akiona mwenyewe kilichotiwa, maneno hupungua.

MAFUTA YALIYOTOLEWA

Jambo hili linawahusu hata wasio na gari. Mafuta ya gia ni mekundu. Yakiwa ndani ya chupa au kibuyu cha plastiki, yanafanana na mawese. Kambini kuna familia nyingi za Kongo na Burundi zinazopikia mawese, na kuna mikebe mingi ya mafuta ya kula inayotumika tena kwa kila kazi. Kwa hiyo mafuta ya gia, mapya au ya zamani, yasiwekwe kamwe katika mkebe wa mafuta ya kula wala chupa ya soda. Yakae katika chombo chake, kiandikwe SUMU, kichorwe alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa, na kifungiwe mbali na watoto. Mtu akiyanywa, asitapishwe. Mafuta yakiingia kwenye mapafu yana madhara makubwa. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chombo chenyewe.

Yasimwagwe katika laga. Wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa laga kupata maji, na kinachomwagwa juu hushuka chini. Gereji zikusanye mafuta machafu katika pipa moja lenye mfuniko, na zitafute mnunuzi wa mafuta machafu mjini. Mafundi waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kuosha kwa petroli kunaharibu ngozi.

ZOEZI

Kikundi cha akina mama kumi kimenunua Noah. Mita inasoma kilomita 148,000, na hakuna hati ya Japani. Mafuta kwenye kijiti yana rangi ya chai kavu, hayana harufu ya kuungua, na yako chini kidogo ya alama ya HOT. Gari linashika D bila kuchelewa, ila likiwa baridi linashtuka kidogo kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Mwenyekiti wa kikundi anakuambia: "Mwanangu, tumeambiwa tusiguse mafuta ya gia. Wewe unasemaje?" Andika katika daftari lako utaangalia nini kwanza, utamwuliza maswali gani, utanunua mafuta gani na kwa awamu ngapi, na utamwambia nini kuhusu hatari. Majibu yaletwe gerejini kwa mwalimu wako kabla ya toleo lijalo, ambalo litahusu radieta na feni.